Nani Aliiweka Hapa? Kuifumbua Tarehe 7 Julai

Muulize mtoto wa Temeke Sabasaba ni nini, atakunyooshea kidole: ni pale Barabara ya Kilwa, kwenye maonyesho, ambako watu hupanga foleni ya tiketi na kurudi nyumbani na mifuko ya sampuli za bure. Muulize Mkenya wa makamo swali hilohilo. Huyo atakutajia uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na macho yake yatakwambia kwamba bado anaikumbuka harufu ya mabomu ya machozi. Lugha ni moja, tarehe ni moja, jina ni moja, na bado kila mmoja anazungumzia jambo jingine kabisa.

Ndipo unapofungua zile orodha za "siku kama ya leo" na kukuta 7 Julai imefurika. Mwaka 1307 alikufa Mfalme Edward I wa Uingereza. Mwaka 1807 Napoleon na Mfalme Alexander wa Urusi walifanya mapatano ya amani mjini Tilsit. Mwaka 1860 alizaliwa mtunzi wa muziki Gustav Mahler. Mwaka 1898 Marekani iliitwaa Hawaii. Mwaka 1928, katika mji wa Chillicothe, jimbo la Missouri, uliuzwa kwa mara ya kwanza mkate uliokatwa kabisa kwa mashine, ule ambao sisi tunauita slesi. Mwandishi Arthur Conan Doyle akafariki 1930, Ringo Starr, mpiga ngoma wa Beatles, akazaliwa 1940, Visiwa vya Solomon vikapata uhuru 1978, na mchezaji kriketi Mahendra Singh Dhoni akazaliwa 1981. Mwaka 1998 mwanasiasa Moshood Abiola alifia kizuizini nchini Nigeria. Mwaka 2005 mabomu yaliua watu 52 katika treni na basi la London. Mwaka 2021 Rais Jovenel Moïse wa Haiti aliuawa nyumbani kwake.

Msomaji akifika mwisho wa orodha kama hiyo huguna: siku hii ina jambo. Haina. Lakini kusema hivyo tu ni kumfukuza mtu bila kumjibu, kwa sababu baadhi ya mambo hayo yako hapo kwa bahati, mengine yaliwekwa hapo kwa makusudi, na mengine, ukiyachunguza vizuri, hata si ya tarehe hiyo. Kwa hiyo mbele ya kila mstari wa orodha mimi huuliza: nani aliiweka hapa?

Tuanze na bahati, maana ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa. Mwaka una siku 365, au 366 ukiwa mrefu. Historia iliyoandikwa ina maelfu ya miaka. Wafalme wote waliokufa, mikataba yote iliyotiwa saini na watoto wote waliokuja kuwa maarufu hawana pengine pa kwenda isipokuwa katika visanduku hivyo 366. Dunia ina watu zaidi ya bilioni 8, na ukiwagawa kwa siku za mwaka, kila tarehe inapata wenyewe kama milioni 22. Katika milioni 22 hutakosa mpiga ngoma mmoja wa Liverpool.

Jambo linalowashangaza wengi zaidi ni la darasani. Chukua darasa la wanafunzi 40. Uwezekano kwamba wawili kati yao wamezaliwa tarehe moja ni zaidi ya asilimia 89. Akili inakataa, kwa sababu kila mmoja anaifikiria tarehe yake mwenyewe: nani humu amezaliwa siku yangu? Hilo kweli ni gumu. Lakini swali halikuwa hilo. Swali ni la jozi yoyote, na wanafunzi 40 wanatoa jozi 780 tofauti. Wakiwa 23 tu, uwezekano tayari umevuka nusu. Ndiyo maana orodha ya tarehe yoyote utakayoichagua, hata 19 Februari isiyo na jina mtaani, itaonekana nzito ukiijaza vya kutosha.

Hesabu hiyo, hata hivyo, inachukulia kwamba tarehe ya kuzaliwa ni kitu kilichotokea. Kwetu mara nyingi ni kitu kilichoandikwa na karani. Wangapi unaowajua ambao vitambulisho vyao vinasema 1 Januari? Mzee anasema alizaliwa mwaka wa njaa, au mwaka wa nzige, au mahindi yalipokuwa yanapaliliwa. Karani anahitaji siku na mwezi, basi anaandika 01/01 na foleni inasonga. Wakimbizi wengi wa Somalia, Sudan na Kongo walifika Ulaya na Amerika Kaskazini na tarehe hiyo, kiasi kwamba ukiiamini mifumo ya huko, utadhani kuna pwani na mabonde ambako watoto huzaliwa siku ya mwaka mpya tu. Jomo Kenyatta mwenyewe, aliyefariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978 na msiba wake ukajulikana saa kwa saa, tarehe yake ya kuzaliwa haijulikani. Kwa hiyo orodha za waliozaliwa siku fulani zina upendeleo ambao hausemwi: zimejaa watu waliozaliwa mahali penye daftari.

Hata penye daftari, daftari lenyewe lina kalenda yake. Mchoraji Marc Chagall alizaliwa mwaka 1887 karibu na Vitebsk, leo nchini Belarus, wakati huo sehemu ya dola ya Urusi. Urusi ilikuwa bado inatumia kalenda ya zamani, ile ya Julius Kaisari, na kwa kalenda hiyo Chagall alizaliwa 24 Juni. Katika karne ya 19 kalenda hiyo ilikuwa nyuma kwa siku 12 ikilinganishwa na hii tunayoitumia leo. Katika karne ya 20 ikawa nyuma kwa siku 13. Ukijumlisha 12, kama inavyopasa kwa mtoto wa 1887, unapata 6 Julai. Ukijumlisha 13, kama walivyozoea watu wa karne ya 20, unapata 7 Julai, na ndiyo tarehe iliyoandikwa katika vitabu vingi. Bwana huyo yumo kwenye orodha ya Sabasaba kwa kosa la kujumlisha.

Mapatano ya Tilsit yana mkasa unaofanana. Wafaransa waliandika 7 Julai, Warusi walihesabu 25 Juni. Meza ilikuwa moja, na tarehe mbili.

Mfano maarufu kuliko yote uko nje ya siku yetu lakini siwezi kuuruka. Husemwa kwamba Shakespeare na Cervantes walifariki siku moja, 23 Aprili 1616, na mwaka 1995 UNESCO ilipoichagua 23 Aprili kuwa Siku ya Vitabu Duniani, sifa hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu. Hispania ilikuwa imeshahamia kalenda mpya tangu 1582. Uingereza iligoma hadi 1752. Kwa hiyo 23 Aprili ya Uingereza ilikuwa 3 Mei ya Hispania. Juu ya hilo, Cervantes alifariki tarehe 22, na 23 ni siku aliyozikwa. Vifo vya hao wawili vilipishana kwa zaidi ya wiki. Vitabu havikudhurika na kosa hilo, lakini ni vizuri kujua kwamba hata taasisi kubwa ikiweka kitu kwenye tarehe, wakati mwingine inaweka hadithi tu.

Watu wa pwani hawapaswi kushangazwa na kalenda kugongana, maana wameishi nazo tatu kwa pamoja. Kuna ya serikali. Kuna ya Hijria inayofuata mwezi, iliyo fupi kwa siku kama 11, ambayo huizunguka ile ya jua na kurudi karibu palepale kila baada ya miaka 33 hivi. Na kuna ile ya jua ya Waswahili wenyewe, ya Nairuzi, ambayo bado inapumua Makunduchi kila Julai watu wanapopigana kwa migomba kwenye Mwaka Kogwa. Mtu aliyezaliwa siku moja tu, kwa kalenda hizo tatu ana siku tatu za kuzaliwa, na mwaka ujao hazitakutana.

Wajapani walilitatua jambo hili kwa amri. Walikuwa na sikukuu ya nyota, Tanabata, iliyokuwa ikifanyika siku ya 7 ya mwezi wa 7 kwa kalenda ya mwezi, wakiwa wameirithi kutoka China. Mwaka 1873 Japani ilihamia kalenda ya Kizungu, na sehemu nyingi za nchi zikaibeba namba zikaacha mwezi: sasa Tanabata ni 7 Julai, iwe mwezi mwandamo au mpevu. Wachina hawakuihamisha sikukuu hiyo. Siku yao bado ni ya 7 ya mwezi wa 7 wa kienyeji, na kwa kawaida huangukia Agosti. Sikukuu moja, asili moja, namba moja, na hawaadhimishi pamoja.

Hao Wachina wana Sabasaba yao nyingine, na hii haina nyota. Usiku wa 7 Julai 1937, kwenye daraja la Lugou nje kidogo ya Beijing, ambalo Wazungu wanaliita la Marco Polo, majeshi ya Japani na China yalirushiana risasi. Hapo ndipo vita kamili vya nchi hizo mbili vilipoanza. Kwa Kichina tukio hilo huitwa tukio la qi qi, yaani saba saba. Sisi tulidhani jina ni letu peke yetu.

Risasi zile zililia usiku, kabla ya saa sita. Kwa saa za serikali bado ilikuwa tarehe 7. Lakini kwa hesabu ya wazee wa pwani, jua likishazama siku imekwisha. Usiku ni mali ya siku inayokuja. Ndiyo maana mpaka leo mtangazaji husema "usiku wa kuamkia leo" na kila mtu anaelewa, na ndiyo maana usiku wa Ijumaa kwa mcha Mungu ni ule unaofuata machweo ya Alhamisi. Kwa hesabu hiyo, vita vya daraja la Lugou vilianza tarehe 8. Rais Moïse wa Haiti, kwa upande mwingine, aliuawa mnamo saa saba usiku wa kuamkia tarehe 7, na hapo hesabu zote mbili zinakubaliana.

Halafu kuna saa za wapi. Neil Armstrong alipokanyaga mwezini mwaka 1969, Houston ilikuwa usiku wa 20 Julai. Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa saa kumi na moja na dakika 56 alfajiri, 21 Julai. Vitabu vinasema 20 kwa sababu waliokwenda ni Wamarekani. Mwandikaji ndiye mwenye tarehe. Na hata namna ya kuiandika ina mwenyewe: Mmarekani huanza na mwezi, sisi huanza na siku, hivyo 9/11 yao ya majengo pacha, ukiisoma kama tunavyosoma sisi, ni 9 Novemba, siku ambayo mwaka 1989 ukuta wa Berlin ulifunguliwa. Tarehe ya 7/7 ina raha moja, kwamba hata ukiigeuza haikupotezi. Waingereza waliyapa mashambulizi ya 2005 jina hilohilo la namba, saba saba kwa lugha yao, na Mswahili wa London anapolisikia sharti asikilize kwanza mazungumzo yanaelekea wapi.

Hadi hapa tumeondoa bahati na makosa. Kinachobaki ni kidogo, na ndicho chenye utamu: mambo yaliyowekwa hapo na watu.

Tarehe 7 Julai 1954, siku ya Jumatano, wajumbe wa Tanganyika African Association walikutana Dar es Salaam, katika ofisi yao ya New Street, mtaa ambao leo ni Lumumba. Chama hicho kilikuwepo tangu 1929, kikiwa zaidi cha watumishi na watu wa mijini. Rais wake alikuwa mwalimu wa Pugu, Julius Nyerere, aliyechaguliwa mwaka uliotangulia. Walikigeuza kuwa TANU, chama cha siasa cha kudai uhuru. Nchi ilipokuwa huru, siku ile ikawa sikukuu, na namba ikageuka jina. Kiswahili kinapenda mwigo wa aina hii. Tarehe ikijirudia mdomoni, inabatizwa. Nanenane ya wakulima ilifuata mkondo uleule.

Wenye TANU walijua nguvu ya tarehe. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967. Miaka kumi kamili baadaye, 5 Februari 1977, TANU na Afro-Shirazi, chama cha Zanzibar, vikaungana kuwa CCM. Hakuna atakayekwambia hiyo ni bahati. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961 na ikawa jamhuri 9 Desemba 1962. Kenya ikafanya hivyohivyo kwa 12 Desemba, 1963 na 1964. Serikali ikiweka jambo jipya juu ya tarehe ya zamani, inaliazima heshima ambayo jambo lenyewe halijaichuma.

Wapinzani nao wanajua kuazima. Mwezi Mei 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliowahi kuwa mawaziri, walijitokeza kudai vyama vingi Kenya, nchi ambayo tangu 1982 katiba yake, kwa kifungu cha 2A, ilikuwa imekataza chama chochote isipokuwa KANU. Wakaitisha mkutano uwanja wa Kamukunji, Nairobi, Jumamosi ya 7 Julai. Serikali ikaukataza. Tarehe 4 wawili hao wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi. Watu wakaenda Kamukunji bila wao. Polisi wakatumia virungu, gesi na risasi, ghasia zikasambaa hadi miji ya Mlima Kenya kwa siku kadhaa, na watu wasiopungua 20 wakafa. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991.

Mwaka 1990 tarehe ilikuwa tarehe tu ya mkutano. Kuanzia hapo ikawa silaha. Tarehe 7 Julai 1997 wanaharakati wa mageuzi ya katiba waliitisha mikutano siku hiyo kwa makusudi, na polisi wakaingia hadi ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, kuwapiga watu waliokimbilia humo. Mchungaji Timothy Njoya alikuwa miongoni mwa waliojeruhiwa. Tarehe 7 Julai 2014 muungano wa upinzani wa CORD ulijaza watu Uhuru Park siku hiyohiyo. Kila kizazi kilipokuja kiliikuta siku tayari ina moto, kikaongeza kuni.

Linganisha na Nigeria. Abiola, ambaye matokeo ya uchaguzi wa 12 Juni 1993 yalionyesha ameshinda na wanajeshi wakayafuta, alifia kizuizini 7 Julai 1998, alipokuwa na wageni wa serikali ya Marekani, mwezi mmoja baada ya mtawala wa kijeshi, Jenerali Abacha, kufa. Kifo kama hicho kingeweza kuwa Sabasaba ya Wanigeria. Hakikuwa. Waliomlilia walishikilia 12 Juni, siku ya ushindi, mpaka mwaka 2018 serikali ikaitangaza kuwa Siku ya Demokrasia badala ya 29 Mei. Tarehe zote mbili ni za mtu mmoja. Moja ilichukuliwa, nyingine ikaachwa kwenye orodha.

Kisha kuna hii ya lugha yetu. Tarehe 23 Novemba 2021 UNESCO ilitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Kiswahili kikawa lugha ya kwanza ya Afrika kupewa siku na shirika hilo. Julai 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo likaipitisha. Sababu iliyotolewa ni ile Jumatano ya 1954, kwamba TANU ya Nyerere ilikifanya Kiswahili chombo cha kudai uhuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki hupenda kuongeza kwamba mkataba wake mpya ulianza kutumika 7 Julai 2000. Sina ugomvi na chaguo hilo. Lugha haina siku ya kuzaliwa. Hakuna asubuhi ambayo mtu wa Lamu aliamka akakuta anasema Kiswahili. Ukitaka kuiadhimisha sharti uazime siku kwa mtu, na wakaiazima kwa chama. Ila iliyoazimwa Dar es Salaam ilikuwa tayari imekopwa Nairobi kwa shughuli nyingine, na hilo azimio la UNESCO kule Paris halikuligusa.

Mwaka 2025 vijana wa Kenya waliitisha maandamano ya Sabasaba, miaka 35 baada ya Kamukunji, wengi wao wakiwa hawajazaliwa wakati huo. Tangu alfajiri polisi walizifunga kwa seng'enge barabara za kuingia katikati ya Nairobi. Kabla wiki haijaisha, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu vifo zaidi ya 30. Siku hiyohiyo kulikuwa na hafla za Kiswahili zenye mashairi na ngonjera, na Barabara ya Kilwa, kama kila mwaka, milango ya maonyesho ilikuwa wazi.